Bima ya Kuzunguka Bila Kwenda Popote

Minza mwanangu,

Umekwenda Migato kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema, maana bibi hamruhusu mtu kuondoka kwake na tumbo tupu. Nimebaki peke yangu hapa Bariadi na begi lako katikati ya sebule. Kila nikipita nalizunguka taratibu, kama vile kuna mtu amelala pale. Kesho utapanda basi la Arusha. Pikipiki yako imeshatangulia kwenye lori, na ule mlio wake niliokuwa naulalamikia kila jioni haupo. Leo mara mbili nimekwenda dirishani kusikiliza kitu ambacho najua hakipo.

Sitakuandikia habari za chakula, wala baridi ya huko, wala marafiki wa kuchagua. Hayo tumeyasema mezani mpaka ukaniambia, "Mama, nikisahau nitapiga simu niulize." Nataka kukuandikia jambo moja tu, ambalo kila nikilisema kwa mdomo naliharibu. Wiki iliyopita uliniuliza, tena kwa hasira, "Mama, mbona unahangaika hivi na bima? Kwani unaniombea nianguke?" Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jibu langu ni hili, na ni refu.

Mara ya kwanza kukuona ukiendesha, hukujua kama nipo. Nilikuwa nimekwenda kwa mjomba wako Masanja kuchukua mahindi. Walikuwa wameshang'oa mabua ya pamba na kuyachoma, shamba limebaki jeupe, na Masanja alikuwa amechukua yale majivu akachora njia nzima nayo: kona, kona kinyume, kijilima, halafu mstari mrefu uliorudi pale ulipoanzia. Ulikuwa juu ya ile pikipiki aliyoinunua kwenye mnada wa serikali, iliyokuwa ya afisa ugani, ndefu na imechakaa, na ulikuwa unazunguka. Ulimaliza mzunguko ukaanza mwingine. Vumbi lilikuwa limekufanya uwe rangi moja na shamba.

Nilimwuliza Masanja, "Anakwenda wapi?"

Akanitazama kama anavyowatazama wateja wanaoleta gerejini kwake pikipiki yenye tangi tupu wakidai injini imekufa. "Haendi popote, dada. Ndiyo raha yenyewe."

"Na akianguka?"

"Atainuka. Mimi mbona niliinuka? Polepole, lakini niliinuka." Akacheka, akaupigapiga mguu wake mbovu kama mtu anayepigapiga shingo ya ng'ombe.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, Minza. Ninafundisha barabara, reli, na mito, na kila kimoja ninakieleza kwa kule kinakofika. Maisha yangu nayo nimeyaishi hivyo. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na wewe mgongoni na kitabu mkononi. Baba yako alihamishwa kikazi akahama na mambo mengine yote, na mimi nikaamua kwamba sitapoteza hatua hata moja. Kidato cha tano, cha sita, chuo, ajira. Kila nilichofanya kilikuwa kinakwenda mahali. Sikumbuki siku niliyofanya kitu kwa sababu tu mwili wangu ulifurahi kukifanya. Basi nilisimama pale na debe la mahindi, nikakuona ukiinama kwenye kona, goti karibu liguse ardhi, na kabla hofu haijanifikia nilihisi wivu. Mama kumwonea wivu mwanawe ni jambo la aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hofu ilikuja baadaye, njiani, nikiwa na debe kichwani.

Hofu ile ina historia, nawe unajua nusu yake tu.

Unajua kwamba mjomba wako alivunjika mguu kwenye mashindano ya vijana, ule msimu pamba ilipolipa vizuri na kila nyumba ikawa na pikipiki mpya. Ulikuwa mdogo, unakaa kwa bibi, mimi niko chuo. Huenda hujui kwamba Masanja alikuwa na bima kubwa. Vijana wote walikuwa na bima ndogo, ile ya kumwonyesha askari barabarani akuruhusu upite. Yeye alikata kubwa, ile inayolipa hata mwenye pikipiki akiumia. Alijisifu nayo kama wengine wanavyojisifia redio. Alipoanguka, jambo la kwanza alilolisema akiwa bado chini, mguu umekaa vibaya, ni, "Msihofu, nina kubwa."

Basi kampuni ikamtuma mkaguzi. Akaja Migato, kijana mpole, mgeni wa mkoa huu, hajui Kisukuma hata salamu. Mimi nilikuwa nyumbani likizo. Bibi yako Kiswahili anakisikia lakini akiwa na jambo kubwa la kusema hukiweka kando. Kwa hiyo nikakaa kwenye kigoda katikati yao, nitafsiri.

Bibi alimkaribisha kama mkwe. Kuku alichinjwa. Mkaguzi akala, akashukuru, akatoa kalamu, akauliza kwa upole kijana alikuwa anatoka wapi na anakwenda wapi alipopata ajali.

Bibi yako akasimama. Akavua kanga ya mabegani akajifunga kiunoni, kama anataka kucheza ngoma. Akaeleza. Akaeleza jinsi vijana walivyojipanga kule kwenye barabara ya kijiji, jinsi bendera ilivyoshushwa, jinsi mwanawe alivyowapita mmoja baada ya mwingine, majina yao akayataja, na majina ya baba zao, ili mgeni ajue ni nani hasa walioachwa nyuma. Akaiga mlio. Akaiga kona. Majirani waliokuwa wamekaa pembeni wakapiga vigelegele. Akamaliza kwa kumwonyesha kidole Masanja, aliyelala kwenye mkeka mguu umefungwa, akasema kwa Kisukuma, "Asingeanguka, hakuna ambaye angemshika!"

Mkaguzi akanigeukia. "Mama anasemaje?"

Minza, bado ninaiona dakika ile. Masanja alinitazama. Yeye alikuwa ameshaelewa. Bibi alikuwa anangoja, uso umejaa furaha, nimpelekee mgeni sifa za mwanawe. Nilikuwa na njia nyingi. Ningeweza kusema kijana alikuwa anatoka mnadani. Nani pale angenipinga?

Nilitafsiri. Neno kwa neno, hadi bendera.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Akasema, "Pole sana, dada," na nilijua anasema kweli. Barua ilipokuja ilisema bima haihusu mashindano. Masanja hakupata kitu, na mguu ule ulipona jinsi ulivyopona kwa sababu hatukuweza kumpeleka mbali zaidi ya pale tulipompeleka.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimkasirikia mama yangu kwa kuusema ukweli, na kujikasirikia mimi kwa kuutafsiri. Siku moja nilimwomba Masanja msamaha. Alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mtu, miguu tu ndiyo inayoonekana, mmoja umenyooka na mwingine umepinda.

"Msamaha wa nini?" akauliza kutoka huko chini.

"Ile siku ya mkaguzi."

"Aa. Ulitafsiri vizuri sana. Ila ulisahau kusema nilimpita mtoto wa mwenyekiti." Akanyoosha mkono. "Nipe spana hiyo hapo, dada. Hapana, hiyo kubwa."

Sijui alinisamehe au hakuona kosa. Lakini nikiwa natembea kurudi nyumbani nilielewa kitu. Mama na mimi tuliusema ukweli, lakini tuliusema siku isiyo yake. Siku yake ilikuwa ile Masanja alipokwenda kukata bima. Alitakiwa kumwambia mtu wa bima, "Mimi ni kijana wa huku, na pamba ikilipa tunashindana." Angeambiwa hapana, au angeambiwa ndiyo kwa bei kubwa zaidi, na vyovyote vile angejua anapanda nini. Yeye alinunua kitu bila kusema anakitakia nini, kwa sababu hakuna aliyemwuliza na yeye aliona haya kusema. Hata mimi, katika mambo makubwa zaidi ya pikipiki, nimefanya hivyohivyo. Nilimwambia baba yako niko sawa. Niliwaambia watu wa chuo sina mtoto. Ukweli ukaja baadaye kwa bei yake.

Ndiyo maana nilipoona kwamba hutaiacha hii raha, na kwamba chuo chako cha ufundi wa magari kina watu wanaokwenda kila wikiendi kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, niliamua kwamba safari hii tutasema mapema.

Nilianza na yule dada wa bima pale karibu na stendi.

"Karibu, mwalimu. Pikipiki ya biashara au binafsi?"

"Binafsi."

"Ya kwendea kazini?"

"Ya kuzungukia. Kwenye uwanja."

"Anashindana?"

"Hapana."

"Anabeba mzigo?"

"Hapana."

"Sasa anazunguka anatafuta nini?"

Nikajikuta nasema maneno ya Masanja. "Haendi popote. Ndiyo raha yenyewe."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu! Huyo binti mpe kizibao cha kung'aa cha bodaboda azunguke na abiria, nitamkatia bima sasa hivi, kabla chai yangu haijapoa." Kisha akaniinamia, akapunguza sauti. "Andika matumizi binafsi. Uwanja usiutaje. Nani atajua?"

Nikafikiri: mama yangu atajua. Na mgeni akija atamchinjia kuku amweleze.

Nikaaga. Nilimpigia mtu wa Shinyanga, akakata simu akidhani ninatania. Wa Maswa alinishauri nikuoze. Wakati wa likizo nikakwambia nakwenda Mwanza kwenye semina. Haikuwa semina, mwanangu. Nilikaa siku nzima kwenye mabenchi ya ofisi za bima nikirudia sentensi ileile: mwanangu anaendesha kwa kujifurahisha, ndani ya uwanja uliofungwa, hashindani na mtu. Nilipoisema mara ya kwanza niliona aibu. Kufikia jioni niliisema kama naeleza kazi yako, na nilisikia fahari.

Kijana mmoja alinisomea masharti kwa sauti. Bima ya pikipiki hailipi kwenye mashindano, wala majaribio ya kasi, wala mazoezi ya mambo hayo. Nikamwambia haya si mazoezi ya chochote. Akaniuliza, bila dharau, "Lakini madam, kuna mtu anaingia uwanjani asitake kumpita mwenzake?"

Nilianza kufunga mkoba wangu, kwa sababu ninakujua. Nitalirudia swali lake.

Kijana yule alikwenda kumwita mkubwa wake, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, naye alinisikiliza hadi mwisho. Yeye naye hakucheka. Alisema pikipiki yenyewe hawezi kuikatia ndani ya uwanja, barabarani tu. Ila wewe, mwili wako, anaweza. Kuna bima ya ajali ya mtu binafsi, nayo inaweza kuongezewa karatasi inayotaja waziwazi kwamba unaendesha kwa kujifurahisha kwenye uwanja uliofungwa, ukiwa na helmeti, buti na kinga za mwili. Gharama inapanda. Nikamwomba aiandike kila neno, na iliponifikia niliisoma kama ninavyosahihisha mtihani wa mwanafunzi ninayemshuku kuibia.

Basi ndiyo hii. Ukiwa barabarani, wewe na pikipiki mna bima. Ukiingia uwanjani, pikipiki haina na wewe unayo. Nilipokueleza hivyo ulisema, "Sasa mashine yangu ikivunjika?" Ikivunjika itakuwa imevunjika. Mjomba wako ataitengeneza tena kwa waya na matusi. Ningeweza kuendelea kutafuta mpaka nipate kampuni inayokubali vyote viwili, na labda ipo. Lakini unaondoka kesho, na katika hivyo viwili nimeshachagua nitakachokuwa nakikosa zaidi.

Sasa nirudi kwenye swali la yule kijana.

Ile karatasi ya nyongeza ina sharti. Usishindane, usipimwe muda, usiwekeane dau na mtu. Ukifanya lolote kati ya hayo, siku hiyo hakuna bima. Ukiisoma haraka ni sentensi nyepesi. Lakini mwezi uliopita nilikuwa kwa Masanja yule kijana wa jirani alipoingiza pikipiki yake kwenye njia yako ya majivu. Ulikuwa unaendesha vizuri, mabega yamelegea, karibu uimbe. Kisha ukausikia mlio wake nyuma yako. Mgongo wako ulibadilika, Minza. Sijui kama wewe mwenyewe ulihisi. Ulikaa kama mtu aliyeitwa jina lake. Mzunguko uliofuata sikuweza kuutazama wote. Na bibi yako, aliyekuwa amekaa pale na kisahani cha karanga, akasimama akapiga kelele, "Mayu, mama yangu, mwache huyo! Mwache nyuma kabisa!" Ulimwacha. Ulivua helmeti ukiwa unacheka, na uso wako ulikuwa na mwanga ambao sikuwahi kuuona ukirudi na matokeo ya mtihani, hata yale mazuri.

Siwezi kukuambia mwanga ule ni mbaya. Nimeutaka mwenyewe maisha yangu yote bila kujua jina lake. Ninaloweza kusema ni kwamba huko Arusha kutakuwa na milio mingi nyuma yako, na dakika mgongo wako utakapobadilika bima itakuwa imeshuka bila kuaga, na utakuwa peke yako kwenye kona ile kama Masanja alivyokuwa kwenye yake. Ninataka ujue dakika hiyo ikifika. Basi.

Wewe si mtoto tena kwenye macho ya sheria, kwa hiyo karatasi hii haiwezi kuanza kazi mpaka uisaini mwenyewe, ukitamka kwamba utaendesha kwa kujifurahisha tu. Yule dada wa stendi, aliyenisaidia kuipokea, aliniambia, "Si umsainie tu, mwalimu? Mwandiko wenyewe wa familia." Sikukusainia. Nilikuwa na kalamu mkononi na nilitamani sana. Ningelala vizuri usiku mmoja, na kila usiku baada ya hapo ningekuwa nimekutafsiria tena maneno ambayo hukuyasema.

Karatasi iko mezani, chini ya barua hii. Isome. Kama unaweza kusema hilo na likawa kweli kwa mwezi huu, au hata kwa muhula huu, weka sahihi. Ukihisi limeacha kuwa kweli, niambie kabla ya kuingia uwanjani, nami nitarudi kwenye yale mabenchi na sentensi mpya: mwanangu anashindana. Nitajifunza kuisema nayo. Na kama huwezi kuisaini leo, kama ndani yako unajua tayari kwamba mlio wa kwanza tu utakubeba, basi usisaini ili kunituliza. Iache wazi. Hofu itakayobaki itakuwa yangu, na nimezoea kuibeba tangu ulipokuwa mgongoni. Utaendesha bila bima ukijua unaendesha bila bima, na mimi nitajua hivyohivyo, na hapatakuwa na mgeni anayehitaji kutafsiriwa chochote katikati yetu.

Uliniuliza kama ninakuombea uanguke. Mwanangu, nikifumba macho ninakuona umeinama kwenye kona, vumbi jekundu la nchi nisiyoijua limekufunika, na mimi sipo pale na debe langu la mahindi. Hilo la kutokuwepo ndilo ninalolitafutia bima, na hakuna ofisi niliyoingia iliyokuwa nayo. Nimepata hii ndogo tu.

Jua linashuka, na bila shaka uko njiani kutoka Migato. Sitaki unikute hapa nikikutazama usoni wakati unasoma, maana ninajua utasaini ukiniona. Nakwenda sokoni kununua samaki. Nitachelewa makusudi. Nitasimama kwenye kila meza, nitaulizia bei za vitu nisivyovihitaji, nitawasalimu hata watu nisiowapenda. Kalamu iko kando ya karatasi. Nikirudi tutapika pamoja na tutakula, na sitaangalia mezani mpaka basi lako liwe limeondoka.

Mama yako